Uso umekuwa giza, kanzu imeungua: jinsi picha ya dijitali inavyogawiwa mwanga

Picha za harusi zikianza kuzunguka kwenye magrupu, malalamiko huwa yaleyale. Kanzu ya bwana harusi inang'aa mpaka darizi zake hazionekani, na uso wake umekuwa giza. Simu ya ndugu mwingine, palepale, dakika ileile, imetoa uso safi lakini bahari nyuma yake imekuwa nyeupe tupu. Ya tatu imetoa vyote, uso, kanzu na bahari, na hapo ubishi unaanza: "hiyo imeeditiwa", "hiyo ni HDR", "hiyo si ya kweli". Herufi hizo HDR, kifupi cha Kiingereza cha "High Dynamic Range", yaani upana mkubwa wa mwanga, zimeandikwa kwenye kamera za simu, kwenye maboksi ya televisheni na kwenye programu za kurekebisha picha, na kila mahali zinaonekana kumaanisha jambo jingine.

Nyuma ya ubishi huo wote ipo kazi moja: kuuchukua mwanga mwingi wa dunia na kuuingiza kwenye kioo au karatasi yenye nafasi ndogo. Hapa nitaiita upangaji wa toni. Inafaa kueleweka vizuri, kwa sababu inapofanywa ovyo, nyuso zetu sisi wenye ngozi nyeusi ndizo zinazoumia kwanza.

Toni ni kiasi cha mwanga au giza cha sehemu ya picha, bila kujali rangi yake. Upana wa mwanga ni umbali uliopo kati ya sehemu yenye giza kuliko zote na sehemu yenye mwanga kuliko zote, ambapo bado kuna kitu kinachoonekana. Wapiga picha huupima kwa stopu, na stopu moja ni kuzidisha mara mbili. Stopu 3 ni mara 8. Stopu 10 ni mara 1,024. Stopu 14 ni mara 16,384. Namba hizi hupanda kwa kasi, na ndiyo maana tofauti ya stopu mbili au tatu kati ya kamera mbili si jambo dogo.

Chukua sebule yenye mlango uliofunguliwa kuelekea uani, saa saba mchana. Jua kali la mchana hutoa nje mwanga wa takriban laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Ndani, kwenye chumba chenye dirisha dogo, laksi 100 ni jambo la kawaida. Hiyo tayari ni tofauti ya mara 1,000, yaani karibu stopu 10, kabla hatujavigusa vitu vyenyewe. Kitambaa cheupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaokifikia, asilimia 90 hivi, ilhali buibui jeusi huenda likarudisha asilimia 3. Hapo umeongeza stopu 5. Kuanzia shuka jeupe lililoanikwa juani mpaka mkunjo wa buibui la bibi aliyekaa ndani, una stopu 15 katika picha moja.

Vifaa vyetu je? Kamera kubwa za kisasa, zile nzuri, hunasa stopu 14 hivi kwa mpigo mmoja. Sensa ya simu, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo mno, na kwa fremu moja, yaani mpigo mmoja, haifiki hapo. Karatasi ya picha iliyochapishwa ina hali ngumu zaidi: nyeupe yake hurudisha asilimia 90 ya mwanga na nyeusi yake hurudisha kama asilimia 1, kwa hiyo kati ya nyeupe na nyeusi hakuna zaidi ya stopu 6 au 7. Stopu 15 za sebuleni zinatakiwa ziingie humo. Haziingii zote bila kubanwa, na namna ya kuzibana ndiyo mada yetu.

Utauliza: mbona mimi nikisimama mlangoni naona ndani na nje? Jicho halipigi picha moja. Ukitazama uani mboni hubana, ukigeukia ndani hupanuka, na nyuma yake retina yenyewe hujirekebisha sehemu kwa sehemu, kisha ubongo huunganisha yote ukaamini umeyaona kwa pamoja. Isitoshe, jicho hupima mwanga kwa uwiano. Washa koroboi ya pili kwenye chumba chenye koroboi moja, kila mtu atagundua. Washa koroboi hiyohiyo uani saa saba mchana, hakuna atakayegeuka. Mwanga ulioongezeka ni uleule.

Sensa ya kamera haina akili hiyo. Kila nukta yake, yaani pikseli, huhesabu mwanga unaoifikia mpaka ifike kikomo chake. Ikijaa, hesabu inasimama. Iwe ni kanzu juani au jua lenyewe, namba inayoandikwa ni ileile ya juu kabisa. Huko ndiko kuungua kwa picha. Upande wa pili, mwanga ukiwa mchache sana, hesabu humezwa na chenga, zile nukta za ovyo unazoziona ukipiga picha usiku. Upana wa mwanga wa kamera ni nafasi iliyobaki kati ya chenga na kujaa.

Hapa niondoe dhana moja mapema: megapikseli haziongezi upana huu. Ukigawa sensa ileile ndogo katika pikseli nyingi zaidi, kila pikseli inakuwa ndogo na inaweza kubeba mwanga mchache zaidi. Simu ya megapikseli 108 inaweza kuiunguza kanzu sawasawa na ya 12.

Kugawa ngazi 256

Picha ya kawaida ya JPEG huandika kila rangi kati ya nyekundu, kijani na buluu kwa ngazi 256, kuanzia 0 mpaka 255. Faili ghafi la kamera, lile wapiga picha huliita RAW, mara nyingi lina ngazi 16,384. Kutoka ghafi kwenda JPEG ni sawa na kulisha nyumba yenye watu wengi kwa mshahara mdogo. Ukiwapa mawingu ngazi nyingi, uso utapata chache. Ukiupendelea uso, shuka la nje litaachiwa ngazi mbili tatu na mikunjo yake itapotea. Kila anayepanga toni anapanga matumizi: nani apewe kwanza, nani asubiri, nani akose.

Njia ya kwanza, iliyo rahisi kuliko zote, ni kukata. Unaamua kiwango fulani ndicho nyeupe, na kila kilichozidi hapo unakifanya nyeupe. Kamera za bei nafuu zilifanya hivyo kwa miaka, na matokeo yake ni madirisha yaliyoungua katika albamu za familia.

Njia ya pili ni kugawanya kila kitu kwa namba moja ili kilicho cha juu kabisa kienee. Tuiweke kwa namba za kubuni, tukihesabu kwamba 1 ndiyo nyeupe ya mwisho ya kioo. Kona ya giza ina 0.05, uso wa bwana harusi 0.5, kanzu yake karibu na mlango ina 4, na uani juani ni 50. Ukigawanya zote kwa 50, uani umekuwa 1, vizuri. Lakini kanzu imeshuka mpaka 0.08, uso umekuwa 0.01, na kona ni 0.001. Uani umetoka safi, bwana harusi hayupo. Hujadanganya mtu, uwiano wote umeulinda, na picha haifai.

Njia ya tatu ni kupinda. Mwaka 2002 nchini Marekani, mtafiti Erik Reinhard na wenzake walichapisha njia ambayo kiini chake kinaandikika kwenye kiganja: chukua kiasi cha mwanga, kigawanye kwa hichohicho ukiongeza 1. Tujaribu. Kona yenye 0.05 inakuwa 0.048, karibu haikuguswa. Uso wenye 0.5 unakuwa 0.33, unaonekana vizuri. Kanzu yenye 4 inakuwa 0.8, nyeupe lakini bado ina darizi. Uani wenye 50 unakuwa 0.98. Haijalishi uweke mwanga mkubwa kiasi gani, jibu halifiki 1, kwa hiyo kanuni yenyewe haiunguzi kitu. Sehemu za giza zinaachwa karibu zilivyo, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyobanwa zaidi. Uani uliokuwa na mwanga mara 12 na nusu ya kanzu sasa umeizidi kwa mara 1.2 tu. Hapo ndipo gharama ilipolipwa, mahali ambapo macho yetu hayaoni hasara kubwa.

Mkunjo wa aina hii unazitendea pikseli zote kwa sheria moja, na picha hubaki na utulivu. Kasoro yake ni kwamba ukiubana sana, kila kitu kinafifia, kama umekitazama kupitia vumbi. Ndipo ikaja njia ya nne, ya kupanga toni kwa eneo: pikseli haiangaliwi peke yake, inaangaliwa pamoja na majirani zake. Mwaka huohuo wa 2002 watafiti Frédo Durand na Julie Dorsey walionyesha namna ya kuitenga picha kuwa tabaka mbili. Tabaka moja lina mwanga mpana wa maeneo, yaani ndani kuna giza, nje kuna jua. La pili lina vijimambo: nyuzi za darizi, makunyanzi ya uso, majani. Unabana tabaka la kwanza, la pili unaliacha lilivyo, kisha unayaunganisha. Tofauti kati ya sebule na uani inapungua, lakini darizi inabaki na ukali wake.

Ikifanywa kwa pupa, njia hii ndiyo iliyoipa HDR jina baya. Umeziona picha hizo: mnazi umezungukwa na utepe wa mwanga usiokuwepo, mawingu yamekuwa mazito mno, uso wa mzee umechorwa kila kinyweleo. Utepe ule kando ya mnazi hutokea pale programu inaposhindwa kujua mpaka wa eneo la giza na eneo la mwanga, ikaongeza mwanga mpaka ukamwagika upande wa pili. Kwa maoni yangu kitelezi kimoja ndicho kimeharibu picha nyingi kuliko vyote, kile cha kuongeza ukali wa vijimambo, kwa sababu kila mtu hukisukuma mpaka mwisho.

Kazi hii ni kongwe kuliko kompyuta

Wanaodhani jambo hili lililetwa na simu wamtazame Gustave Le Gray, Mfaransa aliyekuwa akipiga picha za bahari miaka ya 1850. Kemikali za wakati wake hazikuweza kunasa anga na maji kwa mpigo mmoja. Anga liliungua daima. Akatumia negativu mbili katika baadhi ya kazi zake, moja ya anga na moja ya bahari, akaziunganisha kwenye karatasi moja. Karibu na mwaka 1940, wapiga picha Ansel Adams na Fred Archer huko Marekani walitengeneza utaratibu wa kugawa toni za picha katika kanda, kuanzia sifuri iliyo nyeusi tii mpaka kumi iliyo nyeupe ya karatasi, ili mpiga picha aamue kabla ya kubonyeza: uso huu nauweka kanda ya ngapi? Kisha chumbani gizani, wakati wa kuchapisha, walizuia mwanga kwa kiganja au kipande cha kadibodi sehemu moja, na kuuzidisha sehemu nyingine. Reinhard na wenzake walisema wazi kwamba njia yao imejengwa juu ya utaratibu huo wa Adams.

Daraja kati ya enzi hizo mbili lilijengwa mwaka 1997, Paul Debevec na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoonyesha jinsi ya kuchukua picha kadhaa za mahali pamoja zilizopigwa kwa mwanga tofauti, nyingine nyeusi nyingine zilizoungua, na kuzikokotoa mpaka upate faili moja lenye kiasi halisi cha mwanga wa kila sehemu. Hiyo ndiyo HDR kwa maana yake ya asili: faili lenye upana mkubwa wa mwanga. Kioo cha kawaida hakiwezi kulionyesha lilivyo, ndiyo maana lazima lipangwe toni. Kunasa ni hatua moja, kupanga ni hatua nyingine. Watu wengi huziita zote HDR na hapo mkanganyiko unaanza.

Simu ziliiga hatua zote mbili. Apple iliweka HDR kwenye iPhone mwaka 2010 kwa kuunganisha picha tatu za mwanga tofauti. Shida ilikuwa watu: mtoto akikimbia kati ya picha ya kwanza na ya tatu, anatokea mara mbili, au mkono wake unabaki kivuli. Google baadaye, katika mfumo waliouita HDR+, walichukua njia nyingine. Simu inapiga fremu nyingi upesi, zote kwa mwanga mdogo ili kanzu isiungue, kisha inazipanga moja juu ya nyingine na kutafuta wastani. Chenga huja kwa bahati nasibu, hivyo wastani huzipunguza: fremu 9 hubakiza theluthi moja ya chenga za fremu moja. Sehemu za giza zikishakuwa safi, zinaweza kunyanyuliwa bila aibu, na hapo upangaji wa toni unaingia. Yote hayo yanakwisha kabla hujaishusha simu.

Kwa hiyo anayekuambia "mimi siediti, naweka picha ilivyotoka" ana picha iliyokwisha pangwa toni na mhandisi asiyemjua, aliyeamua kabla yake ni sehemu gani ipewe ngazi ngapi.

Na wahandisi hao walikuwa wakimwangalia nani? Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Sura yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Sura nyeusi ilikuwa inajitegemea. Dijitali iliurithi upofu huo kwa namna yake: kamera hupima mwanga wa eneo lote na kulivuta kuelekea kijivu cha wastani. Ikikuta kanzu nyeupe imejaza fremu, inashusha mwanga, na uso mweusi unazama. Mtu mweupe aliyevaa nguo nyeupe hapotei hivyo. Mwaka 2021 Google walitangaza Real Tone kwenye simu za Pixel, marekebisho yaliyofanywa makusudi kwa ngozi za rangi mbalimbali, na Tecno wamejijengea soko barani Afrika kwa kamera zinazozingatia nyuso nyeusi. Ni hatua nzuri, na zilichelewa mno. Hata hivyo simu nyingi bado zinakosea kwa upande wa pili: zinaunyanyua uso mpaka unakuwa mweupe kuliko mwenyewe, zikidhani zimemsaidia. Ngozi nyeusi iliyopangwa vizuri hubaki nyeusi, na ndani ya weusi wake unaona mng'ao wa shavu, kivuli cha pua, macho yaliyo hai.

Je, ni udanganyifu?

Swali hili liliulizwa kwa uzito mwaka 2013. Paul Hansen, mpiga picha wa Sweden, alishinda tuzo kuu ya World Press Photo kwa picha ya mazishi Gaza, wanaume wakipita uchochoroni wamebeba miili ya watoto wawili. Mwanga kwenye nyuso zao ulikuwa wa ajabu kiasi kwamba baadhi ya watu walidai picha imeunganishwa kutokana na nyingine kadhaa. Waandaaji waliwaita wataalamu walinganishe picha ile na faili ghafi. Walikuta toni na rangi zimerekebishwa, kwa picha nzima na kwa sehemu sehemu, lakini hakuna kilichoongezwa, kuondolewa wala kuunganishwa. Tuzo ikabaki kwake.

Mpaka naouona mimi uko palepale. Kupanga toni ni kuonyesha kilichokuwepo. Ukilitia giza eneo mpaka mtu aliyesimama hapo atoweke, umefuta shahidi, na chombo cha habari hakipaswi kufanya hivyo. Ukimnyanyua kutoka kivulini aonekane jinsi waliokuwepo walivyomwona, umeikaribia zaidi kweli ya macho kuliko sensa.

Jambo ambalo hakuna programu inayoweza kulifanya ni kurudisha kilichoungua. Pikseli iliyojaa haina kumbukumbu ya darizi. Ukiivuta chini unapata kijivu tupu. Kivuli, kinyume chake, huwa kimebeba kitu hata kama hukioni, hasa kwenye faili ghafi, ambapo mara nyingi unaweza kukinyanyua stopu mbili au tatu. Kwa hiyo kwenye harusi ya mchana, gusa kanzu kwenye kioo cha simu, shusha mwanga kidogo mpaka darizi zionekane, ndipo upige. Uso utaonekana mweusi mno kwa sasa. Kwenye programu ya kurekebisha, punguza kwanza sehemu za mwanga, kisha nyanyua vivuli taratibu huku ukiutazama uso peke yake. Chenga zikianza kuonekana shavuni, rudi nyuma. Na kama unaweza kumsogeza bwana harusi chini ya mwembe, msogeze. Kivuli kimoja kipana kinaokoa stopu ambazo hakuna hesabu itakayozirudisha.

Imebaki HDR ya vioo, ambayo ni habari tofauti. Picha za kawaida zilitungwa kwa kioo cha mng'ao wa niti 100 hivi (niti ni kipimo cha mng'ao wa kioo), na simu mpya nyingi hupita niti 1,000. Tangu Android 14 ya mwaka 2023, faili la picha linaweza kubeba JPEG ya kawaida pamoja na ramani ndogo inayoeleza sehemu gani ziongezewe mng'ao kwenye kioo chenye uwezo. Ndiyo maana picha inang'aa kwenye simu yako, na ukimtumia shangazi inafika imepoa: programu ya ujumbe ilipoibana, ramani ilitupwa. Kilichomfikia ni ile JPEG ya kawaida, na haina kasoro.

Kwa albamu ya karatasi, hesabu ile ya stopu 6 au 7 inarudi. Picha iliyopendeza kwenye kioo chenye mng'ao mkali itatoka na giza ikichapishwa hivyohivyo. Punguza mng'ao wa kioo mpaka karibu nusu kabla ya kuamua toni za mwisho, na umwombe fundi wa studio akuchapie kwanza picha moja ndogo ya majaribio. Itazame dirishani, mchana, uangalie pindo la kanzu na upande wa uso ulio kivulini, ndipo uagize zilizobaki.